New Zealand: Mali iliyokodishwa na mpangilio wa haki za wadai

Mtu anapokodisha gari, katapila au mashine yake kwa kampuni nyingine, huamini kwamba mali hiyo hubaki kuwa yake hata mkodi akifilisika. Nchini New Zealand imani hiyo si ya kutegemewa. Tangu tarehe 1 Mei 2002, mfanyabiashara anayekodisha vifaa kwa muda unaozidi mwaka mmoja bila kuandikisha haki yake kwenye rejesta ya taifa anaweza kuiona mali hiyo ikichukuliwa na benki iliyomkopesha mkodi, ikauzwa, na yeye asiambulie kitu.

Makala haya yanaeleza jinsi sheria hiyo inavyofanya kazi, mahakama zilivyoitafsiri, na namna wadai wanavyopangwa mmoja baada ya mwingine. Jambo hili linawahusu pia wakazi wa Australia, kwa kuwa sheria ya Australia imejengwa juu ya msingi uleule, na kwa kuwa biashara kati ya nchi hizi mbili jirani huvusha magari na mitambo ng'ambo hadi ng'ambo ya Bahari ya Tasman.

Chimbuko la sheria

Kwa karne nyingi sheria ya Kiingereza ilishikilia kanuni moja: mtu hawezi kutoa asichonacho. Mkodi hakuwa mmiliki, kwa hiyo hakuweza kuiweka rehani mali ya mwenzake, wala wadai wake hawakuweza kuigusa. Mwenye mali alihitaji tu kuonyesha mkataba, akaondoka na chake.

Kanuni hiyo ilikuwa na kasoro iliyowaumiza wakopeshaji. Benki iliyotembelea kiwanda iliona mashine kumi sakafuni, ikatoa mkopo kwa kuzitegemea, kisha siku ya kufilisika ikaambiwa kwamba saba kati yake zilikuwa za kukodi. Hapakuwa na mahali ambapo benki ingeweza kuulizia ukweli huo mapema. Kilichoonekana kuwa utajiri wa mdaiwa kilikuwa mali ya watu wengine.

Marekani ilikuwa ya kwanza kutafuta dawa, kupitia Ibara ya 9 ya Kanuni Sare za Biashara. Majimbo ya Canada yakaifuata, na sheria ya jimbo la Saskatchewan ndiyo iliyokuwa kielelezo kikuu cha New Zealand. Bunge la Wellington lilipitisha Sheria ya Dhamana za Mali Binafsi mwaka 1999, nayo ikaanza kutumika mwaka 2002 pamoja na rejesta ya kielektroniki inayojulikana kwa herufi PPSR.

Fikra kuu ya sheria hiyo ni kutazama kazi inayofanywa na mkataba badala ya jina lake. Mkataba uitwe mkopo, mauzo ya malipo ya polepole au ukodishaji, kinachoulizwa ni iwapo mtu mmoja ameshika mali huku mwingine akiwa na madai juu yake. Jibu likiwa ndiyo, madai hayo ni dhamana, na dhamana inapaswa kuonekana hadharani.

Ukodishaji gani unahusika?

Si kila ukodishaji unaoingia kwenye wavu wa sheria hii. Anayekodi gari kwa wikendi au hema kwa ajili ya harusi hahusiki. Sheria inalenga ukodishaji wa zaidi ya mwaka mmoja, nayo imeufafanua kwa upana kuliko wengi wanavyodhani.

Kwanza, mkataba usio na tarehe ya mwisho unahesabiwa kuwa ni wa zaidi ya mwaka mmoja, hata kama kila upande una haki ya kuuvunja wakati wowote. Pili, mkataba wa mwaka mmoja au chini yake ambao unaweza kuongezwa hadi kuvuka mwaka nao unahesabiwa. Tatu, mkataba mfupi unaingia kwenye sheria pale mkodi anapoendelea kushika mali hiyo, kwa ridhaa ya mwenyewe, hadi mwaka ukapita.

Wapo wanaoachwa nje. Mtu ambaye kukodisha si kazi yake ya kawaida, kwa mfano jirani anayempa jirani trekta yake kwa malipo kidogo, hafungwi na kifungu hiki. Vivyo hivyo samani za nyumbani zinazokodishwa pamoja na nyumba. Hata hivyo, ukodishaji ambao kwa hakika ni njia ya kulipia bei ya kitu kidogokidogo huweza kuhesabiwa kuwa dhamana bila kujali urefu wa muda wake.

Maneno hayo ya «muda usio na mwisho» ndiyo yaliyowanasa wafanyabiashara wengi. Katika biashara ya vifaa ni kawaida kuandika kwamba mteja atalipa kwa mwezi hadi atakaporudisha kifaa. Mwenye mali hudhani ametoa ukodishaji wa mwezi mmoja, kumbe mbele ya sheria ametoa wa zaidi ya mwaka.

Majengo ya kuhamishika na benki

Kesi iliyofungua macho ya wengi iliamuliwa na Mahakama Kuu ya New Zealand mwaka 2004. Kampuni ya Portacom, inayokodisha majengo ya kuhamishika ya aina inayotumika kama ofisi za muda, ilikuwa imekodisha majengo kadhaa kwa kampuni ya mbao iitwayo NDG Pine. Mikataba haikuwa na tarehe ya mwisho. Portacom haikuandikisha chochote kwenye rejesta.

NDG Pine ilikuwa pia imeipa benki ya HSBC dhamana juu ya mali zake zote, za wakati ule na zitakazopatikana baadaye, na dhamana hiyo ilikuwa imeandikishwa. Kampuni ya mbao iliposhindwa kulipa madeni, wasimamizi walioteuliwa kwa niaba ya benki walishikilia kwamba wana haki ya kuyauza majengo hayo. Portacom ikapinga. Majengo ni yetu, ilisema, na NDG Pine haikuwa na uwezo wa kuiweka rehani mali isiyokuwa yake.

Mahakama iliamua kwa upande wa benki. Sheria mpya inasema wazi kwamba mkodi wa muda mrefu ana haki ndani ya mali aliyoikodi, na haki hiyo inatosha kuifanya dhamana ya mkopeshaji wake ishike. Portacom ilibaki kuwa mmiliki kwa maana ya zamani, lakini umiliki huo haukuamua tena nani anatangulia. Kilichoamua ni rejesta, na katika rejesta jina la benki lilikuwapo, la Portacom halikuwapo.

Farasi aitwaye Generous

Kesi ya pili ilimhusu farasi dume mashuhuri. Generous alikuwa ameshinda mbio za Derby za Epsom nchini Uingereza mwaka 1991, na baadaye akaletwa New Zealand kwa ajili ya uzazi. Kampuni ya New Zealand Bloodstock ilimkodisha kwa shamba la Glenmorgan kwa mkataba ambao mwishowe ungelipa shamba hilo umiliki. Hakuna kilichoandikishwa kwenye rejesta juu ya ukodishaji huo.

Shamba la Glenmorgan lilikuwa na mdai mwingine, kampuni ya fedha ya S H Lock, ambayo ilikuwa na dhamana iliyoandikishwa juu ya mali zote za shamba. Malipo yalipokwama, New Zealand Bloodstock ilifanya kile ambacho mwenye mali yeyote angedhani ni haki yake: ilivunja mkataba na kumchukua farasi. Wasimamizi walioteuliwa na S H Lock walipoingia kazini, wakamdai farasi huyo.

Suala lilifika Mahakama ya Rufaa, na mwaka 2005 ikaamua kwamba S H Lock ndiyo yenye kutangulia. Hoja ya New Zealand Bloodstock kwamba mkataba ulikuwa umekwisha na farasi amekwisha kurudi zizini haikusaidia. Dhamana ya S H Lock ilikuwa imemshika farasi tangu siku alipoingia mikononi mwa Glenmorgan, na kuvunja mkataba baadaye hakukuweza kuifuta.

Uamuzi huo ulikwenda mbali kuliko ule wa kwanza. Katika kesi ya majengo, mali ilikuwa bado kwa mkodi. Katika kesi ya farasi, mwenye mali alikuwa amekwisha kuitia mkononi, na bado akaipoteza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mahakama za New Zealand zimeipa methali hiyo nguvu ya sheria.

Nani hutangulia nani

Mpangilio wa wadai juu ya mali iliyokodishwa kwa muda mrefu unaweza kuelezwa kwa hatua.

Anayesimama mbele, kwa kawaida, ni mkodishaji aliyeandikisha haki yake ndani ya muda. Sheria inampa upendeleo maalumu kwa sababu yeye ndiye aliyeileta mali mpya kwenye biashara ya mkodi. Akiandikisha ndani ya siku 10 za kazi tangu mkodi alipokabidhiwa kifaa, anaitangulia hata benki iliyoandikisha dhamana yake miaka mingi kabla. Kama bidhaa zimekusudiwa kuuzwa au kukodishwa tena na mkodi, hana siku hizo za hisani: lazima awe ameandikisha kabla ya kuzikabidhi.

Anayefuata ni mdai aliyeandikisha bila kuwa na upendeleo huo. Wadai wa aina hii hupangwa kwa kanuni ya aliyetangulia kuandikisha. Mkodishaji aliyechelewa siku 10 anaangukia hapa, na mara nyingi hujikuta nyuma ya benki.

Nyuma yao ni mwenye dhamana ambayo haikuandikishwa. Anashindwa na kila aliyeandikisha, na pia na mdai wa kawaida aliyepata hukumu ya mahakama na kuikamatisha mali. Hata hivyo New Zealand imemwachia mlango mmoja: kampuni ya mkodi ikiwekwa chini ya mfilisi, na kama hakuna mdai mwingine mwenye dhamana iliyoandikishwa juu ya kitu hicho, mkodishaji bado anaweza kukidai.

Pembeni ya safu hiyo wapo watu ambao sheria inawalinda kwa njia yao. Fundi aliyetengeneza mashine katika kazi yake ya kawaida na hajalipwa anaweza kuishikilia, na dai lake likatangulia dhamana zilizoandikishwa. Mnunuzi wa bidhaa dukani, katika biashara ya kawaida ya muuzaji, anaipata bila mzigo wa dhamana aliyoitoa muuzaji huyo. Wafanyakazi wanaodai mishahara na mamlaka ya kodi hulipwa kwanza, hadi kiwango kilichowekwa, kutoka kwenye bidhaa za kuuzwa na madeni ambayo kampuni inawadai wateja wake. Upendeleo huo hauvifikii vifaa vya kazi kama magari na mitambo.

Sheria ya Australia inatofautiana wapi?

Australia ilichelewa miaka kumi kuingia katika mfumo huu. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika tarehe 30 Januari 2012. Rejesta yake nayo inaitwa PPSR, jambo linalowachanganya wengi, lakini ni rejesta mbili tofauti zinazosimamiwa na serikali mbili tofauti. Mfanyabiashara wa Sydney au Brisbane anayepeleka mashine Auckland hawezi kutegemea tu usajili wa nyumbani. Mashine ikiisha kufika New Zealand, haki yake inapaswa kuandikishwa huko ndani ya muda uliowekwa na sheria ya huko.

Tofauti ya kwanza ni urefu wa muda. Hapo mwanzo Australia ilitumia kipimo cha zaidi ya mwaka mmoja kama jirani yake. Malalamiko ya kampuni ndogo za kukodisha vifaa yalipozidi, Bunge lilibadili kipimo hicho. Kwa mikataba iliyofanywa kuanzia tarehe 20 Mei 2017, ukodishaji unaohusika ni wa zaidi ya miaka miwili, na mkataba usio na tarehe ya mwisho unaingia tu baada ya mkodi kushika mali kwa zaidi ya miaka miwili. Muda wa hisani wa kuandikisha vifaa vya kazi nao ni mrefu zaidi: siku 15 za kazi.

Tofauti ya pili ni kali zaidi, nayo iko upande wa adhabu. Nchini Australia kampuni ya mkodi inapowekwa chini ya mfilisi au msimamizi wa hiari, dhamana isiyoandikishwa hufutika na mali huwa ya kampuni hiyo. Mkodishaji hapotezi nafasi ya mbele tu kwenye foleni. Anapoteza mali yenyewe, na kilichobaki kwake ni kudai fidia pamoja na wadai wa kawaida.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya New South Wales iliamua kesi ya kampuni ya Maiden Civil, iliyokuwa imekodi mitambo mitatu ya Caterpillar kutoka kwa Queensland Excavation Services na kuitumia katika Wilaya ya Kaskazini. Mwenye mitambo hakuandikisha, ila mkopeshaji wa Maiden Civil aliandikisha, na mkopeshaji akashinda. Majaji wa Australia walizifuata hatua za wenzao wa New Zealand, na kesi ya farasi Generous ikawa sehemu ya mjadala wao.

Kesi kubwa zaidi ni ya kampuni ya Forge Group Power. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilikodi mitambo minne ya kuzalisha umeme kutoka kampuni tanzu ya General Electric kwa ajili ya kituo cha muda huko Port Hedland, Australia Magharibi. Ukodishaji huo haukuandikishwa. Forge ilipoingia chini ya wasimamizi mwezi Februari 2014, mitambo yenye thamani ya makumi ya milioni ya dola ikawa ya Forge. Wakodishaji walidai kwamba mitambo ilikuwa imefungwa ardhini kwa hiyo haikuwa mali inayohamishika. Mahakama ya Rufaa ya New South Wales ilikataa hoja hiyo mwaka 2017.

Kuandikisha vibaya

Usajili wenye kosa kubwa unaweza kuwa sawa na kutoandikisha kabisa. Anayetafuta kwenye rejesta hutafuta kwa jina au namba ya mdaiwa, au kwa namba ya utambulisho ya gari. Kosa linalofanya utafutaji huo usilete matokeo linaufanya usajili ukose nguvu.

Mfano unaotajwa sana ni kesi ya OneSteel, iliyoamuliwa Sydney mwaka 2017. Mkodishaji wa mitambo ya kusaga na kuchuja mawe aliandikisha haki yake kwa namba ya biashara ya mkodi badala ya namba yake ya kampuni. Namba zote mbili zilikuwa za kampuni ileile, lakini kanuni zilitaka ile ya pili. Mtu aliyetafuta kwa namba sahihi asingeuona usajili huo. Mahakama iliutangaza kuwa hauna nguvu, na mitambo ikaenda kwa OneSteel.

Muda nao huisha. Nchini New Zealand usajili hudumu kwa miaka isiyozidi mitano, kisha lazima uhuishwe. Mkodishaji mwenye mikataba mirefu anayesahau tarehe hiyo anarudi kwenye nafasi ya yule ambaye hakuandikisha.

Faida kwa mkodi na mnunuzi

Rejesta haikuwekwa kwa ajili ya benki na kampuni kubwa pekee. Mtu anayetaka kununua gari lililotumika anaweza kulitafuta kwa namba yake, kwa ada ndogo, na kujua kama kuna mdai nyuma yake. Hilo ni muhimu kwa wahamiaji wapya wanaonunua gari la kwanza kutoka kwa mtu binafsi, kwa sababu maneno ya muuzaji hayawezi kulizuia gari lisichukuliwe na mkopeshaji aliyeandikisha.

Kwa mkodi wa kawaida, anayekodi kifaa kutoka kampuni ambayo kazi yake ni kukodisha, sheria inatoa ulinzi mwingine. Kampuni hiyo ikishindwa kulipa benki yake, benki kwa kawaida haiwezi kumnyang'anya mkodi kifaa kabla ya mkataba wake kwisha, maadamu alikikodi katika biashara ya kawaida ya kampuni hiyo na hakujua kwamba ukodishaji ulivunja masharti ya dhamana.

Sheria za aina hii Afrika Mashariki

Mfumo huu si mgeni kwa Waswahili wenye biashara nyumbani. Kenya ilipitisha Sheria ya Haki za Dhamana juu ya Mali Inayohamishika mwaka 2017, na Uganda ikapitisha sheria ya aina hiyo mwaka 2019. Zote mbili zimeanzisha rejesta za kielektroniki, na zote mbili zinautazama undani wa mkataba kuliko jina lake. Tanzania ilitunga Sheria ya Ukodishaji wa Fedha mwaka 2008.

Masharti yanatofautiana baina ya nchi na nchi, kwa hiyo ndugu aliyeko Melbourne au Christchurch anayenunua matrekta na kuyakodisha Nakuru au Mbarara hawezi kutumia hesabu ya siku za New Zealand. Anachoweza kuchukua ni mazoea. Kabla ya kukabidhi ufunguo, mwenye mali huuliza mambo manne: mkataba huu unaweza kudumu muda gani, nani mwingine anamdai mkodi, jina na namba kamili za mkodi kisheria ni zipi, na rejesta ya nchi ambayo mali itakaa ni ipi. Majibu ya maswali hayo, yakiandikwa mahali panapostahili kabla ya siku zilizowekwa kwisha, ndiyo yanayoamua iwapo siku ya msiba wa kibiashara mwenye mali ataondoka na chake au ataungana na wadai wengine mlangoni.